Injini Kongwe ya Boti Inapopoteza Nguvu: Uchambuzi kutoka Ufuko wa Kagunga

Injini kongwe ya petroli yenye kabureta hupoteza nguvu zake kidogo kidogo. Kamba ya kuwashia huanza kuvutwa mara nane pale ambapo zamani ilitosha mara mbili. Mafuta yakiachiwa, injini hutetemeka na kuzima. Yakifunguliwa yote, kelele huongezeka kuliko mwendo. Mwenye chombo huizoea hali hiyo kwa sababu kila siku inafanana na jana yake, mpaka siku injini inapogoma katikati ya maji. Kuirudisha katika hali yake ni kazi yenye utaratibu, na mafundi wengi hushindwa kwa sababu ya kuanzia mahali pasipostahili.

Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho kaskazini kabisa kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, jirani na mpaka wa Burundi, ni mahali pazuri pa kulichambua suala hili. Kwa miaka mingi njia kuu ya kukifikia imekuwa maji: karibu kilomita 50 kutoka Kigoma, chombo kikipita mbele ya milima na misitu ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Abiria, sementi, unga, dagaa waliokaushwa na mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Maweni husafiri kwa maboti ya mbao yanayosukumwa na injini za kufunga nyuma, nyingi zikiwa za mipigo miwili, zile ambazo mafundi huziita tustroki. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokwama Kagunga huku kipindupindu kikienea, meli ya Liemba ilitia nanga mbali na ufuko, na watu wakapelekwa kwenye meli kwa vyombo vidogo. Katika siku kama hizo injini ya boti inayowaka kwa mvuto wa kwanza huwa suala la uhai.

Injini hizi zinafanana na magari ya zamani ya michezo kuliko inavyodhaniwa. Datsun 240Z, iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, ilikuwa na silinda sita na kabureta mbili, kila moja ikilisha silinda tatu. Haikuwa na kompyuta ya kusahihisha makosa. Anayeifufua Datsun ya namna hiyo Nairobi na anayefufua injini ya boti Kagunga wanapaswa kujibu maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule: je, silinda zinagandamiza hewa vizuri? Je, cheche inatoka kwa nguvu na kwa wakati wake? Je, mafuta ni safi na yanafika? Baada ya hapo tu ndipo kabureta iguswe.

Mpangilio huo huvunjwa kila siku. Kabureta iko nje, ina skrubu zinazofikiwa na bisibisi ya kawaida, na kila ikiguswa injini hubadili sauti, jambo linalompa fundi matumaini. Lakini skrubu ya kabureta inaweza kufunika ugonjwa bila kuuponya. Silinda inayovuta hewa ya wizi kupitia gasketi iliyochoka itatulia ikiongezewa mafuta, kisha plagi zitajaa masizi, kisha fundi atabadilisha plagi, na hewa ya wizi itabaki pale pale. Baada ya miezi kadhaa injini huwa na makosa matatu badala ya moja, mawili yakiwa yametengenezwa na bisibisi.

Hatua ya kwanza, basi, ni kusikiliza malalamiko yenyewe. Injini isiyowaka ikiwa baridi lakini inayowaka ikipata moto ina tatizo la choki, la mgandamizo hafifu au la mafuta kutofika. Ile inayowaka vizuri na kuzima mafuta yakiachiwa ina uchafu katika njia ndogo za kabureta, au inavuta hewa ya wizi. Inayokwenda dakika kumi na kufa, kisha ikapona ikipumzishwa, mara nyingi ina koili inayochoka ikipata joto, au kifuniko cha tangi kilichofungwa tundu lake la hewa. Kosa hili la mwisho halihitaji hata spana, na bado limeshawahi kufungulisha injini nzima isiyo na hatia.

Malalamiko ya kukosa nguvu katika mwendo mkubwa yanahitaji uangalifu wa pekee kwenye maji. Nguvu ambayo propela inaidai hupanda kwa kadiri ya mchemraba wa mizunguko yake: kwa nusu ya mizunguko, propela inadai takriban moja ya nane tu ya nguvu yote. Ndiyo maana injini ya silinda mbili ambayo silinda moja imelala huweza kuondoka ufukoni bila aibu, ikapita kati ya mitumbwi, na kuonyesha udhaifu wake pale tu inapodaiwa nguvu yote, yaani chombo kikiwa kimejaa na upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi umeshaanza kuinua mawimbi. Kujaribu injini bila mzigo, ikiwa imefungwa kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, hakuwezi kufichua ugonjwa huu.

Mgandamizo hupimwa kwa geji inayofungwa mahali pa plagi. Plagi zote hutolewa, waya zake huunganishwa na mwili wa injini ili koili zisiungue, mafuta hufunguliwa yote ili hewa ipite, na kamba huvutwa mpaka mshale usipande tena. Injini nyingi za tustroki za ukubwa huu husoma kati ya paundi 90 na 130 kwa inchi ya mraba. Namba yenyewe ina maana ndogo kuliko tofauti kati ya silinda na silinda. Tofauti ikizidi asilimia 10 hadi 15, kuna ringi iliyokwama, pistoni iliyokwaruzwa au gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Hakuna marekebisho ya kabureta yatakayoiponya silinda hiyo, na ni heshima kwa mteja kumwambia ukweli huo kabla ya kumuuzia plagi mpya.

Tustroki ina mgandamizo wa pili, ambao injini ya gari la mipigo minne haina. Mchanganyiko wa hewa na mafuta huingia kwanza chini ya pistoni, katika chumba cha kranki, ukipitia vibamba vyembamba vinavyofunguka kuelekea ndani na kujifunga. Kila silinda ina chumba chake. Sili za kranki zikikauka au kibamba kimoja kikivunjika ncha, chumba hupumua vibaya: hewa huingia bila mafuta au mchanganyiko hurudi kwenye kabureta na kutapika nje kama ukungu. Silinda hedi inaweza kuwa nzima na geji ikasoma vizuri, huku injini haitulii kamwe. Hapa ndipo mafundi waliozoea pikipiki za mipigo minne hupotea njia.

Cheche huja baada ya mgandamizo. Plagi ikitolewa baada ya mwendo mrefu wa nguvu husimulia mengi: rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema, weusi wenye unyevu ni mafuta mengi au cheche dhaifu, weupe wenye chembe ndogo za kung'aa ni onyo la kusimamisha kazi mara moja, kwani chembe hizo ni aluminiamu ya pistoni inayoanza kuyeyuka. Tofauti kati ya plagi mbili za injini moja ni ushahidi mkubwa zaidi. Kama moja ni nyeusi na nyingine ya kahawia, tatizo haliko kwenye tangi wala kwenye dumu, kwa sababu silinda zote zinakunywa mafuta yale yale. Kinachobaki ni koili, waya, au chumba cha kranki cha silinda hiyo.

Cheche yenyewe hupimwa kwa kuilazimisha iruke mwanya wa milimita 8 hadi 10 hewani, mbali na mvuke wa petroli. Katika hewa ya kawaida cheche dhaifu huruka mwanya mdogo wa plagi bila shida, lakini ndani ya silinda iliyogandamizwa hushindwa. Hiyo ndiyo sababu ya injini "yenye moto" kwa macho ya watu wote kukataa kuvuta. Koili hupimwa kwa multimeta ikiwa baridi na tena ikiwa ya moto, na viungo vyote vya waya vya kwenda kwenye mwili wa injini husuguliwa mpaka chuma kionekane. Unyevu wa ziwa hula viungo hivyo kimya kimya. Plagi bandia nazo zimejaa madukani. Plagi mpya haipaswi kuaminiwa kwa sababu tu imetoka kwenye boksi.

Wakati wa cheche ni jambo jingine. Datsun za zamani zilikuwa na platini zilizochakaa kila baada ya kilomita elfu kadhaa, hivyo fundi alilazimika kupima mwanya wake na kusahihisha taimingi kwa taa maalumu. Injini za boti za miongo ya karibuni hutumia sumaku na kifaa cha elektroniki, na wengi huhitimisha kwamba taimingi yake haiwezi kuhama. Inaweza. Flaiwili hushikwa kwenye kranki na kipande kidogo cha chuma kilicholala katika mfereji. Propela ikigonga mwamba kwa ghafla, na ufuko wa mashariki wa Tanganyika una miamba mingi, au nati ya flaiwili ikilegea, kipande hicho huweza kukatika nusu. Flaiwili husogea nyuzi chache tu. Injini itawaka, lakini kwa taabu, itapiga moto nyuma kupitia kabureta, na hakuna kipimo cha koili kitakachoonyesha kosa. Nusu saa ya kufungua flaiwili na kukitazama kipande hicho ingeokoa kabureta nyingi zilizotupwa.

Mafuta yanastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu kwenye fuko zisizo na kituo cha mafuta ndiyo chanzo cha taabu nyingi. Petroli hufika kwa madumu, humiminwa kwa funeli, hukaa juani, huhamishiwa dumu jingine. Kila hatua huongeza maji, mchanga na kutu. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hujikusanya chini, mahali hasa mpira wa kunyonyea unapofika. Kuacha mafuta yatulie usiku kucha katika chupa inayopitisha mwanga kunaonyesha mstari wa maji waziwazi, na kichujio cha kutenganisha maji kati ya tangi na injini hulipa gharama yake katika msimu mmoja.

Mafuta ya taa ni adui wa pili. Kwa miongo mingi, kabla taa za betri na sola hazijaenea, uvuvi wa dagaa wa usiku ulitegemea karabai, na mafuta ya taa yalikuwa katika kila nyumba ya mvuvi. Dumu moja lilibeba haya na yale. Nje ya bahati mbaya hiyo ulikuwapo uchakachuaji wa makusudi, uliofanya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ianzishe uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na serikali ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili tofauti ya bei isiwavutie wachanganyaji. Hatua hizo zilisaidia sana. Kwa injini, hoja ni kwamba mafuta ya taa yana okteni ndogo mno. Yakichanganywa na petroli, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na pistoni hupigwa ikiwa bado inapanda. Sauti yake ni mgongano mkavu wa chuma, na mwisho wake ni injini iliyonoki. Zipo injini zilizoundwa makusudi kuwaka kwa petroli na kwenda kwa mafuta ya taa, lakini mgandamizo wake ni mdogo. Hizo ni jamii nyingine.

Oili nayo ina hesabu yake. Kwa injini nyingi za tustroki zilizokwisha kuzoea kazi, uwiano ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 400 katika dumu la lita 20. Injini mpya au iliyobadilishwa ringi hupewa maradufu ya hiyo katika saa zake za mwanzo. Kupunguza oili ili kubana matumizi kunaua kranki. Kuiongeza "kwa usalama" kuna madhara yasiyotajwa sana: oili hushika nafasi ya petroli, hivyo mchanganyiko unaowaka hupungua mafuta, huku masizi yakigandisha ringi na kuziba bomba la moshi. Kipimo chenye alama kinapaswa kukaa na kila dumu, kwani kukadiria kwa jicho kumeua injini nyingi kuliko miamba.

Njia ya mafuta hukaguliwa kutoka tangini kwenda injini, kamwe si kinyume. Puto la mpira la kupampia likiwa gumu baada ya kubanwa na likabaki gumu, hakuna uvujaji kati yake na kabureta. Likinywea lenyewe injini ikiwa inakwenda, njia imeziba kabla yake. Likibaki laini huku mapovu yakionekana katika mpira, hewa inaingia kupitia kiunganishi chenye oringi iliyochakaa, kitu cha bei ndogo kabisa katika injini yote.

Sasa kabureta. Inapofikiwa kwa utaratibu huu, kazi yake huwa fupi. Jeti hutolewa, hulowekwa na kupulizwa kwa hewa. Waya haupitishwi ndani yake, kwa kuwa shaba ya jeti ni laini na tundu lililopanuliwa kidogo tu hubadili kipimo daima. Kimo cha floti hupimwa. Skrubu ya mwendo wa chini hufungwa polepole mpaka iguse, mizunguko yake ikihesabiwa na kuandikwa, kisha hurudishwa kwenye kipimo cha mtengenezaji na kunyooshwa injini ikiwa na joto, ndani ya maji, gia ikiwa imeingizwa. Injini yenye kabureta zaidi ya moja hudai kwanza zifunguke pamoja kabisa, kama zile mbili za 240Z. Moja ikitangulia, silinda zake hubeba mzigo wa wenzake. Tustroki inaongeza sharti la pekee: katika injini nyingi, mkono unaofungua mafuta ndio unaosogeza wakati wa cheche. Fito inayounganisha mambo hayo mawili ikipinda, mafuta hufunguka kabla cheche haijawahi kutangulia, na injini hukwama kila inapotakiwa kuongeza mwendo. Hitilafu hiyo hufanana sana na uchafu wa jeti.

Kimo cha ziwa huingia hapa. Uso wa Tanganyika uko karibu mita 773 juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 9 kuliko la Dar es Salaam. Injini iliyopangwa kiwandani kwa usawa wa bahari inakosa kiasi hicho cha nguvu hata ikiwa nzima: hospawa 40 hubaki kama 36. Mchanganyiko nao huongezeka mafuta kwa asilimia 4 hadi 5, kwani kabureta haijui kwamba hewa imepungua uzito. Kwa kiasi hiki, kubadili jeti kubwa si lazima, na kwa injini inayobeba mizigo mizito ziada hiyo ndogo ya mafuta hulinda pistoni. Wapangaji wa magari ya Safari walikuwa na shida kubwa zaidi: kutoka pwani hadi nyanda za juu za Kenya zinazozidi mita 2500, ambako zaidi ya robo ya shinikizo la hewa imepotea, kabureta ile ile ilipaswa kufanya kazi pote. Suluhisho la busara kwa Kagunga liko nyuma ya boti. Propela yenye mkato mdogo zaidi huruhusu injini ifikie mizunguko yake iliyokusudiwa, ambayo kwa injini nyingi za aina hii ni kati ya 4500 na 5500 kwa dakika. Injini inayolazimishwa kwenda kwa 3800 mafuta yakiwa wazi yote inachoka haraka, hata kama dereva anaamini kwamba anaitunza kwa kuiendesha taratibu.

Propela yenyewe huwa mshtakiwa asiyetajwa. Ndani ya kitovu chake kuna mpira unaoteleza pigo likiwa kubwa; ukichoka, injini hupanda mizunguko huku boti ikibaki pale pale, na mwenye chombo husema injini imekosa nguvu ilhali inayo ya ziada. Boti ya mbao iliyokunywa maji na kuota mwani huongeza mzigo bila kumwambia mtu yeyote.

Upoaji una dalili yake ya wazi, mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini. Impela ya mpira katika pampu ya chini huliwa na mchanga kila boti inapoingia ufukoni ikiwa bado inawaka. Maji ya Tanganyika, ambayo yana alkali na magnesi nyingi kwa ziwa la maji baridi, huacha ukoko katika njia nyembamba za kupozea, hivyo mchirizi wenye afya jana unaweza kuwa hafifu leo bila impela kuwa na kosa. Injini yenye joto kupita kiasi hupoteza nguvu kabla haijakwama, na mara nyingi ndiyo inayorudishwa kwa fundi wa kabureta.

Injini iliyolala muda mrefu inahitaji neno lake. Mfano bora uko kwenye ziwa lenyewe. Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka grisi nene mashine zake zote. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na Mei 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba ikiwa na mashine zile zile za mvuke, ambazo zilibadilishwa kwa dizeli miongo kadhaa baadaye. Injini ndogo ya petroli hudai kidogo zaidi ya hapo: kabureta imwagwe mafuta yote, kwa kuwa petroli inayokauka huacha gundi katika jeti, oili inyunyiziwe kupitia matundu ya plagi huku kranki ikizungushwa, na injini isimame wima ili maji yatoke yote.

Jaribio la mwisho hufanyika kwenye kina, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Injini hupashwa joto, hufunguliwa mafuta yote kwa dakika kadhaa, mizunguko husomwa kwa kipimo, kisha huzimwa ghafla bila kuachiwa mwendo wa chini, na plagi hutolewa na kusomwa papo hapo, kwa kuwa dakika chache za mwendo wa chini hufuta ushahidi wa mwendo mkubwa. Mizunguko iliyofikiwa, rangi ya kila plagi, mgandamizo wa kila silinda, ukubwa wa jeti, mizunguko ya skrubu na mkato wa propela huandikwa pamoja na tarehe katika daftari linalokaa na chombo, na mgandamizo wa siku hiyo ndio utakaolinganishwa na ule wa ukaguzi unaofuata.